Unyayo wa Bi Tatu

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, huko Mabwerebwere, bibi yangu ameinama juu ya sufuria kubwa ya maji. Anaingiza kiwiko cha mkono, anakitoa, anaingiza tena. Alikuwa anapima joto, kama tunavyopima maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Lakini ndani ya chumba hapakuwa na mtoto. Alikuwa amelala mwanamke aliyefariki, na maji yale yalikuwa ya kumwoshea yeye. Nikamwuliza, kwa ile sauti ya kujua kila kitu waliyo nayo wasichana wa miaka ishirini, "Bibi, mtu amekufa. Moto na baridi atavijuaje?" Bibi hakunijibu. Aliongeza kata moja ya maji baridi, akapima tena.

Nitakuambia kwa nini asubuhi ile imenirudia. Jana alasiri, Nasra, ulinipa simu yako nitazame. Ajali ilikuwa imetokea barabara kuu, kule inakokatiza mbugani, na mtu fulani, kabla hata ya kutafuta kanga ya kumfunika yule dada aliyelala pembeni ya lami, alitoa simu akampiga picha ya uso. Picha ikazunguka mpaka ikafika kwenye kundi lenu la vijana wa hapa Mikumi. Chini yake mmoja ameandika kwamba uso umekunjamana, huyu hakwenda pazuri. Mwingine akabisha, yeye ameona nuru. Na wewe, mjukuu niliyekulea kwa mikono hii, uliisambaza kwa wengine, kisha ukaniuliza, "Bibi, wewe unaosha marehemu miaka yote. Kweli usoni panaonekana mtu alikokwenda?"

Nilishtuka mpaka miwani ikanidondoka. Nikakurudishia simu, nikaingia ndani, nikafunga mlango, na chakula cha jioni sikula. Ulifikiri nimekasirika. Nilikasirika, sikufichi. Ila zaidi niliona aibu, kwa sababu swali lile ni langu. Nililiuliza kabla mama yako hajazaliwa, na nikamuumiza nalo mtu hadi akakaribia kujiua kwa njaa bila mwenyewe kujua. Basi kaa nikusimulie, na wenzako wa kwenye hilo kundi uwasimulie. Majina nimeyabadili, isipokuwa langu na la bibi yangu. Mwenye msiba alinipa ruhusa miaka mingi iliyopita, aliniambia, "Mwalimu Zena, lisimulie, huenda likamsaidia mtu."

Mama yangu mzazi alifariki siku aliyonizaa. Aliyenilea ni Bibi Mwanaidi, mama yake mama, na huyo huyo ndiye aliyemwosha, kwa maana alikuwa mwosha maiti wa wanawake wa mtaa mzima na vijiji vya jirani. Toka nipate akili nilikuwa namwuliza, "Bibi, mama siku ile alikuwaje?" Naye jibu lake lilikuwa moja: "Mama yako alitakata." Basi. Hakuongeza, hakupunguza. Mimi neno lile nikalikumbatia. Nikajiambia, mama alikufa anang'aa, kwa hiyo yuko pazuri. Na kama yuko pazuri, basi Mungu yupo na anaona, na mimi kubaki duniani wakati yeye ameondoka si bahati mbaya tu, kuna sababu. Maisha yangu yote niliyaegemeza kwenye neno hilo moja la Bibi.

Nikasoma, nikawa mwalimu katika shule moja ya upande wa Chanzuru. Hapo kichwa kikaanza kunisumbua. Nilikuwa na daftari maalumu la maswali, nalifunika na gazeti ili watu wadhani ni maandalio ya somo. Mtu ni nini? Kama ni nyama na mifupa tu, mbona anatamani vitu ambavyo hajawahi kuviona? Kama ana roho, mbona hakuna aliyeiona ikitoka? Nilibishana sana na mwalimu mwenzangu Roza, binti wa mchungaji. Yeye alichimbua kwenye kitabu chake, mimi kwenye mawaidha ya masheikh, chai inapoa mezani, na wote wawili tulikuwa na njaa ya kitu kimoja. Tulitaka uthibitisho. Tulitaka tuoneshwe kwa macho.

Ndipo nikasikia mawaidha kwamba mja mwema hujulikana usoni anapofariki. Sina ugomvi na aliyeyatoa, alitaka kututia hamu ya kutenda mema. Mimi ndiye niliyeyageuza kuwa kipimo. Nikaona hapa ndipo mahali pa kumkamata Mungu. Bibi yangu ana ufunguo wa chumba ambacho watu wote wanakiogopa, kwa nini nisiingie nikajionee?

Nikamwomba anifundishe kuosha. Aliacha kupepeta, mkononi ana ungo wa mchele.

"Unakuja kuosha," akaniuliza, "au unakuja kutazama?"

"Kuosha, Bibi," nikamdanganya.

Maiti ya kwanza tuliyoosha pamoja ilikuwa ya mwanamke wa Kimamba aliyekuwa akipika pombe na kuiuza, tumwite Mama Sijali. Watu wake walikuwa na wasiwasi hata kama angepata wa kumsalia. Nilitegemea kuona mambo. Sikuona kitu. Mama Sijali alikuwa amelala kwa utulivu, mdomo umefumba vizuri, kama mama yeyote aliyerudi shamba akajinyoosha kidogo. Nilipigwa na butwaa. Bibi alipomaliza alitoka nje, akawaambia ndugu waliokuwa wanangoja wamejiinamia, "Mwenzenu ametakata." Nilimsikia wazi, lakini akili yangu ilikuwa inahangaika na uso wa Mama Sijali, sikutia maanani.

Haikupita miezi miwili akafariki Bi Tatu.

Bi Tatu ndiye aliyetufundisha Kurani wasichana wote wa mtaa wetu. Mjane, mpole, sauti yake haikupanda hata ulipokosea herufi mara kumi. Masika yale alikwenda shambani kwake Chanzuru kupalilia mpunga, akawa analala kwenye kibanda cha shamba. Mvua zikazidi, mabonde yakajaa maji, njia ikakatika. Binti yake, Hadija, alibaki mjini anashika madrasa ya mama yake. Siku maji yalipopungua, majirani wa shamba walimleta Bi Tatu akiwa amefariki, amefungwa vitenge viwili, na uso umefunikwa vizuri. Hadija alipouona mzigo ule alianguka, ikabidi ashikwe na wanawake wenzake. Kwa hiyo kuosha hakuingia.

Tuliingia mimi na Bibi. Ufuo, ile mifereji inayochimbwa chini ya kitanda ili maji ya maiti yasitapakae, ulikuwa tayari. Majani ya mkunazi tayari, karafuu maiti tayari. Bibi akapima maji kwa kiwiko, nikauliza lile swali langu la kijinga, hakunijibu. Kisha akafunua uso.

Mwanangu, nauona hadi leo. Taya limekaza, meno yamejitokeza, midomo imevutwa pande zote mbili, inafanana na kucheka lakini si kucheka. Mgongo nao umepinda umekataa kulala. Huyu ndiye aliyenifundisha kusema Bismillahi. Mama Sijali wa pombe amelala kama mtoto, na Bi Tatu hivi! Nilisimama pale na kata mkononi, sikumwaga hata tone. Bibi peke yake alimwosha, polepole, kiungo kwa kiungo, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, akimsemesha kwa sauti ya chini, "Geuka kidogo, mama. Hapo hapo. Tunamaliza sasa hivi." Mimi nilikuwa natazama uso tu.

Tulipotoka, Hadija akajikokota mpaka mlangoni. "Bibi, naomba nimwone mama kwa mara ya mwisho."

"Tumeshamfunga sanda, mwanangu," Bibi akasema. "Mwenzenu ametakata."

Siku tatu sikulala sawasawa. Siku ya nne, ofisini kwa walimu, nilimwambia Roza. Nilimweleza kila kitu, uso, meno, mgongo, na uso wa Mama Sijali upande wa pili, kisha nikapiga meza. "Sasa niambie, kama Bi Tatu ameondoka hivyo, haki iko wapi? Na kama uso hausemi kitu, basi mtu akifa ni mzoga, tusidanganyane!" Roza, masikini, machozi yakamlengalenga. Lakini ofisi ile ilikuwa na walimu wengine watano. Najua unataka kunitetea, kwamba sikusema kwa nia ya kusengenya. Kweli, nilisema kwa ajili ya hoja, nikitafuta maana ya maisha, na nadhani ndiyo sababu sikuona haya hata kidogo. Ningekuwa nasengenya, angalau ningepunguza sauti.

Ijumaa ya wiki hiyo habari ilikuwa kwenye mashine ya kusaga. Kwamba Bi Tatu amekufa vibaya. Kwamba ndiyo maana binti yake alikatazwa kumwona. Kila mmoja akaongeza chake. Kuna aliyesema alikuwa na mambo ya gizani, mwingine akasema Kurani aliyofundisha aliifundisha kwa kujionesha. Wazazi wakaanza kuwatoa mabinti madrasa. Siku ya hitima mikeka ilitandikwa uani kote, na watu waliokuja walitosha mkeka mmoja na nusu.

Roza ndiye aliyenifuata. "Umemwona Hadija?" akaniuliza. "Nenda kamwone, Zena. Leo."

Nikaenda, nikabisha hodi. Aliyefungua mlango sikumtambua, naapa. Mashavu yamebonyea, macho yamerudi ndani, kanga imezunguka mwili mara mbili. Alikuwa rika langu na alionekana kama mama yangu. Alinikaribisha ndani kwa heshima ile ile aliyorithi kwa mama yake, akakaa chini kwa kujishika ukuta.

"Nafunga," akasema kabla sijauliza. "Leo siku ya kumi na tisa. Ninafuturu maji na tende moja. Nitafunga mpaka nimwote mama yuko vizuri." Akavuta pumzi. "Nikimwombea dua, mikono inakataa kunyanyuka. Naona kama namwombea mtu aliyekwisha hukumiwa. Mwalimu Zena, wewe ulikuwemo mle chumbani. Niambie ukweli. Mama yangu alifanya nini?"

Mama yangu alifanya nini! Swali hilo lilinichoma mpaka kwenye mifupa. Na nilichofanya, Nasra, nakwambia ili ujue bibi yako ni mtu wa namna gani, nilisimama nikatoka. Sikuaga. Nilikimbia njia nzima mpaka nyumbani, walimu hawakimbii barabarani lakini mimi nilikimbia.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua majani ya mkunazi. Nikampigia magoti, nikamwambia yote. Sikuficha ofisi, sikuficha meza niliyopiga. Aliendelea kuchambua. Nikafikiri hajasikia.

"Uliutazama uso," hatimaye akasema. "Na miguu?"

"Miguu?"

"Miguu ya Bi Tatu nani aliiosha?"

"Wewe, Bibi."

Akayaweka majani chini. "Unyayo wa kushoto ulikuwa na kidonda cha jembe. Kirefu hivi, kimeziba kwa tope, kimekuwa cheusi. Ile ni pepopunda, Zena. Hukaza taya, hukaza mgongo. Ingempata sheikh, ingempata mwizi, ingekaza vilevile. Niliosha kile kidonda kwa mikono yangu, na wewe ulikuwa umesimama hatua mbili kutoka kwangu. Unamtafuta Mungu kwenye taya la maiti, na unyayo hukuutazama!"

Kisha akalia. Sikuwahi kumwona Bibi analia, hata msibani, yeye ndiye aliyekuwa akiwashika wengine. "Toka nimeanza kazi hii sijawahi kutamka nilichokiona mle ndani. Si kizuri, si kibaya. Mtu anapolala pale hana mkono wa kujifunika, mimi ndiye mkono wake. Leo umenifungua mdomo kwa nguvu." Nilitamani ardhi inimeze.

Alipomaliza kulia alijifuta na pindo la kanga, akanipa amri. Kwanza, nikamwambie Hadija kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba maneno yalitoka kwangu. Pili, niende Chanzuru nikamlete yule mama jirani aliyemuuguza Bi Tatu.

Jirani huyo aliitwa Mama Kulwa, Msukuma, Mkristo, mumewe mfugaji. Wakati huo ndio kwanza walikuwa wanaanza kuingia bonde letu na ng'ombe wao, na sisi wenyeji hatukuwa na mazoea nao, tulionana shambani tukasalimiana kwa mbali. Nilimkuta anaanika mahindi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza shida. Hakuuliza swali hata moja. Alifunga mtoto mgongoni, tukaondoka.

Tukakaa kwa Hadija wanawake wanne. Nilianza mimi. Nilisema, "Hadija, maneno yale yalitoka kinywani mwangu. Niliyasema ili nishinde ubishi." Hakunitukana, nilitamani anitukane. Bibi akafuata, akaeleza kidonda, akaonesha kwa kidole kwenye unyayo wake mwenyewe, pale pale, kisha akaomba radhi kwa marehemu kwa sauti, kana kwamba Bi Tatu yuko mkekani pamoja nasi.

Halafu Mama Kulwa. "Mimi nilikaa naye siku nne," akasema. "Mume wangu alijaribu kupita kwenye maji kwenda kutafuta msaada, yakamrudisha. Taya lilifunga siku ya pili. Tulimpa uji kwa kitambaa, tone moja moja. Lakini akili zake alikuwa nazo mpaka mwisho, macho yananitazama. Kusema hawezi. Sasa kuna kitu alikuwa anafanya sikukielewa. Alikuwa ananyanyua kidole hiki, hivi." Akanyanyua kidole cha shahada cha mkono wa kulia, akakishusha, akakinyanyua. "Muda wote. Mimi nikadhani anataka maji. Nikimpa maji, anakunywa kidogo, anaendelea. Hata alipokata roho kilikuwa hivyo. Labda ninyi mnajua alikuwa anataka nini. Nimekuwa najilaumu, huenda kuna kitu aliomba sikumpa."

Hadija alitoa sauti ambayo siwezi kuiiga. Akamkumbatia yule mama wa watu pamoja na mtoto wake mgongoni, analia, anacheka, anasema, "Hukumnyima kitu, mama, hukumnyima kitu!" Mama Kulwa hakujua amesema nini. Hadija akamweleza taratibu kwamba kwetu kidole kile hunyanyuliwa na anayeshuhudia kwamba Mungu ni mmoja. Mwanamke yule wa Kikristo akafunika uso akalia naye.

Nami hapo moyo ukaruka. Nikasahau nimekuja kuomba msamaha. Nikasema kwa sauti, "Basi ishara ilikuwepo! Ilikuwa kwenye kidole, si usoni! Bi Tatu ameondoka vizuri, sasa tunajua!"

Bibi akanigeukia polepole.

"Na kama kidole nacho kingekaza?"

Mama Kulwa akamgeukia Bibi, mtoto mgongoni.

"Nakuuliza, Mwalimu. Pepopunda ingekaza na vidole, Bi Tatu angekuwa nani? Angekuwa si mwalimu wako? Mungu angepungua? Mimi ningefanya nini?"

Kisha Bibi akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ningempashia maji vilevile."

Hadija alifungua saumu yake jioni hiyo kwa uji wa mchele tuliompikia, akanywa bakuli zima. Kunisamehe ilichukua muda mrefu zaidi, na sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Mama Kulwa akawa kama dada kwake, na mabinti walirudi madrasa mmoja mmoja baada ya Bibi kwenda nyumba hadi nyumba. Lakini kuna jambo lilinipata mimi tukiwa njiani kurudi, na hilo ndilo nataka ulisikie vizuri.

Nilimwuliza Bibi, "Na mama yangu je? Siku ile alikuwaje?"

"Mama yako alitakata," akasema.

Nikasimama. Mama yako alitakata. Mwenzenu ametakata. Maneno aliyowaambia ndugu wa Mama Sijali, maneno aliyomwambia Hadija mlangoni, hakuna hata herufi iliyozidi. Maneno yale yale anayowaambia watu wote, wa kila maiti, kila anapotoka chumbani! Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka mbele ya uso wa Bi Tatu. Kumbe Bibi hajawahi kuniambia chochote kuhusu uso wa mama. Miaka ishirini nimeegemea kitu ambacho hakikuwepo. Nilikaa chini pale pale njiani, na nguo zangu za kazi, nikalia kama nimefiwa upya.

Bibi akakaa pembeni yangu, magoti yanamsumbua, akajishusha kwa shida. Akangoja mpaka nikachoka kulia. Kisha akasema, "Nilichokiona nitakwenda nacho. Usiniulize tena. Lakini kuna jambo halikuwa mle chumbani, hilo naweza kukuambia. Siku ile niliwasha moto mmoja. Nikabandika sufuria mbili. Maji ya mama yako, na maji yako. Wewe ulikuwa unalia, yeye amenyamaza. Nikapima hili kwa kiwiko, nikapima na lile kwa kiwiko. Yalikuwa na joto moja."

Tangu hapo daftari langu la maswali sikulifungua kwa muda mrefu. Si kwamba maswali yaliisha. Sijui hadi leo roho inatokaje, wala mtu anakwenda wapi akishafumba macho, nina imani yangu na tumaini langu, na kujua ni kwa Mwenyewe. Ila nilijua kwamba mama aliyefiwa na mwanawe wa pekee, siku hiyo hiyo, alisimama akapima maji ili yasimchome binti ambaye hasikii tena kitu. Kama binti yule angekuwa nyama tu, Bibi asingehangaika. Na hakuwa na uthibitisho wowote mkononi alipofanya hivyo, alifanya tu, na mikono yake ikajua jambo ambalo kichwa changu kilikuwa kinalitafuta kwa kelele.

Bibi Mwanaidi alifariki nikiwa tayari na watoto watatu. Nilimwosha mimi. Niliwasha moto, nikapima maji kwa kiwiko, nikamsemesha kama alivyokuwa akiwasemesha wenzake. Nilianza na miguu. Nilipotoka nje, watu wametulia wananitazama, nikasema, "Mwenzenu ametakata." Umekuwa ukiniuliza tangu u mdogo bibi yangu alikuwaje siku ile. Sasa unajua kwa nini hujawahi kupata jibu jingine.

Basi nasaha yangu ni hii, Nasra, na ninyi nyote. Kumtafuta Mungu si kosa, na maswali si dhambi, mwenye kuuliza mtu ni nini ameanza safari nzuri. Lakini msiifanye safari hiyo juu ya mgongo wa mtu asiyeweza kujifunika. Mkikutana na aliyelala, iwe barabarani, iwe hospitali, iwe nyumbani, vua kanga yako umsitiri, halafu uliza maswali yako ukiwa umekaa mbali naye. Mkiona uso umewatisha, kumbukeni kuna unyayo hamjautazama. Na aliyefiwa akikuuliza marehemu wake alikuwaje, unalo jibu, nimeshakupa.

Ile picha uifute. Waandikie na wenzako waifute, uwaambie yule dada ana mama yake. Nimeulizia asubuhi hii, mama huyo yuko hapa hapa Mikumi, na wameniita nikamwoshe mwanawe saa nne. Ninahitaji msaidizi, mikono yangu siku hizi inatetemeka na sufuria imekuwa nzito. Sitakulazimisha. Nitakuuliza kama nilivyoulizwa, na nakuomba usinijibu kwa haraka kama nilivyojibu mimi: unakuja kuosha, au unakuja kutazama?

Ukija, uje na kanga safi. Na siku yangu mimi itakapofika, usione tabu kuwasha moto. Pima kwa kiwiko, uanze na miguu, kisha utoke nje uwaambie watu maneno unayoyajua. Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, aisitiri aibu yako hapa na kesho, na kama alivyokujaalia watu wa kukupimia maji ulipoingia duniani, akujaalie na watu wa kukupimia utakapotoka. Amina. Sasa inuka, maji yameshabandikwa.